Mabano Yafungwe, Kijiwe Kisifungwe

Mabwerebwere, Kilosa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na ugomvi umeanza, basi na mimi naanza kuandika. Ningeandika kwenye simu, lakini Paulina ana miaka miwili na kidole chake chenye uji kimeshanifutia mengi. Daftari analirarua tu, hawezi kulifuta.

Ugomvi ni huu. Kaka Thadeo amenipigia nikiwa naanua nguo mbichi.

"Light, tukubaliane tu. Kijiwe kimekufa."

"Hakijafa. Kimenyamaza."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyenyamaza anaweza kuongea."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Anasema ametengeneza jukwaa jipya, la Kiingereza, la watu walio siriasi, na tuhamie huko wote. Amenipa mpaka Jumamosi ya tarehe 10 Mei. Kijiwe kisipochangamka hadi siku hiyo, anakifunga. Na anaweza, kwa sababu jina la tovuti liko kwake na seva iko kwake.

Niandike ili hata Paulina akija kusoma aelewe. Kijiwe cha Mabano ni mahali mtandaoni ambapo watu wanaojifunza kutengeneza programu za simu na kompyuta wanaulizana kwa Kiswahili. Nilikianzisha mimi kama grupu la WhatsApp, nikiwa na mimba, nimeishia kidato cha pili. Nilikuwa najifunza peke yangu kwa simu, maelezo yote Kiingereza, nikakwama siku nyingi kwa sababu ya bano moja nililofungua nikasahau kulifunga. Nikasema haiwezekani mimi tu ndiye niliyekwama hivi nchi nzima. Jina likatoka hapo. Tulipokuwa wengi grupu likatushinda, Thadeo akatujengea tovuti. Yeye amesomea mambo haya chuoni Morogoro, kaka namwita kwa heshima tu, hatujawahi kuonana. Sikatai, kazi aliifanya. Lakini waliomo ndani niliwaita mimi, mmoja mmoja.

Sifungi.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimechajisha simu kwenye duka la jirani na mwenye duka kanipa sukari robo bure, ananiita "mheshimiwa". Sijaelewa.


Jumamosi, 8 Machi

Nimeelewa. Mama mkwe wangu kawaambia majirani kwamba mkwe wake "anafanya kazi ya kodi." Alimsikia Jilala mume wangu akisema nakodi, yaani naandika zile kodi za kompyuta. Sasa Mabwerebwere nzima inadhani mimi ni mtu wa mapato. Nimecheka mpaka Paulina akaanza kulia. Sukari tumeinywa.

Turudi Kijiweni. Kuna ukurasa pale unaitwa Hodi. Ukiamka unapita Hodi, unasalimia, ndipo unakwenda kuuliza swali lako. Mtandaoni huoni mvi za mtu, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo: aliye mdogo aamkie, aliye mkubwa aitikie, na hata kwenye maswali ni hivyo hivyo. Thadeo anasema ni kumaliza bando. Mimi nasema mtu akishaitikiwa shikamoo yake haoni tena aibu kuuliza swali la kijinga. Mimi sikuona aibu, kwa sababu ya Mzee Kitunguu.

Mzee Kitunguu ni jina lake la Kijiweni. Jina hasa ni Mzee Ditram, zamani alikuwa fundi wa simu za mezani, sasa analima vitunguu Lumuma. Sijawahi kumwona wala kusikia sauti yake. Ila ninayoyajua mengi kanifundisha yeye. Mara ya kwanza nilipomwonyesha kazi yangu alijibu hivi: "Marahaba mwanangu. Mabano umefungua matatu, umefunga mawili. Ng'ombe wa tatu yuko nje, mfuate." Nikamfuata ng'ombe. Programu ikatembea. Nilimkumbatia Paulina, wakati huo bado tumboni, kwa mikono miwili.

Tangu katikati ya Februari Mzee Kitunguu kimya. Hajibu swali, haitiki salamu. Kila asubuhi naandika pale Hodi: Shikamoo Mzee Kitunguu.

Leo nimemwamkia. Hajaitika.


Jumatano, 12 Machi

Nimemwamkia. Hajaitika. Na wengine wawili wakubwa nao wamenyamaza, yule mama mwalimu wa Mbeya na yule baba wa Mombasa anayejua mambo ya hifadhidata.


Jumapili, 16 Machi

Leo nina hasira mpaka maziwa ya mtoto nimeyaunguza.

Ameingia mgeni anaitwa Winnie, yuko Tabora, ana kichanga, na kidato cha pili ndipo alipoishia na yeye. Aliandika vizuri tu: "Shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada. Nimetengeneza programu ya kina mama wa huku wanaouza maziwa, lakini jumla ya asubuhi inaingia kwenye jioni."

Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeitika. Mtoto wa mwenzio anaingia sebuleni kwako anakuamkia, unamtazama tu? Mimi nilimjibu nilivyoweza, lakini tatizo lenyewe lilinizidi kimo. Akapita kijana mmoja anayejiita Mkali wa Kodi, akamwandikia: "Dada, hapa si msibani. Kompyuta haijui shikamoo. Weka swali, toka."

Nikamwambia Mkali aombe radhi. Akaniwekea kikatuni cha mtu anayepiga miayo.

Jioni Winnie kaandika: "Asante dada Light kwa kujaribu. Nimeona wakubwa hawanitaki. Natoka nisiwasumbue."

Kompyuta haijui shikamoo! Maneno hayo nimeyabeba kichwani tangu saa tisa, nasonga ugali nayo, namwogesha mtoto nayo.


Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe kanikuta nimevimba uso.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Kuna mzee namwamkia kila siku haitiki."

Aliacha ungo wa mchele. "Haitiki nini? Shikamoo?"

"Shikamoo."

"Umemkosea nini?"

"Sijui, mama."

"Haya. Mkubwa asipoitika, ama amekufa, ama amekasirika, ama masikio yamekwenda. Tafuta kwanza ni lipi. Kulia utalia baadaye, machozi hayaozi."

Halafu akaniuliza mzee anakaa wapi, ana mke, ana mifugo. Nikamweleza. Akasema mtu anayelima vitunguu hawezi kufa bila wachuuzi kujua.

Miaka yote hii nimeamini mama mkwe anakichukia Kijiwe. Kila akiniona na simu husema naongea na watu wasio na miguu. Kumbe alikuwa anangoja nimweleze.


Jumatatu, 24 Machi

Hajaitika.

Nimekaa nikifikiria ni nani amebaki na ni nani amenyamaza. Waliobaki ni Mkali wa Kodi na wenzake, wale wasiomsalimia mtu wala kumwitikia mtu. Walionyamaza ni wote wenye adabu. Alianza Mzee Kitunguu, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtoto bila jibu. Ni kama kuna ugonjwa unaochagua wastaarabu.

Nimemwambia Thadeo. Kaandika: "Wastaarabu wamekomaa, wamehamia kwenye Kiingereza. Fanya na wewe."

Kiingereza nakisoma, kaka. Ninachokataa ni kuambiwa ndicho mlango pekee.


Jumatatu, 31 Machi

Idd. Majirani wametuletea biriani mpaka mama mkwe akasahau kipande cha kuku alichokuwa amejifichia. Pale Hodi watu wamejaa, Idd Mubarak juu hadi chini, wadogo watupu. Hakuna mkubwa. Kijiwe kizima ni kama sikukuu ya yatima.

Nimemwamkia. Hajaitika.


Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda sokoni Kilosa na Paulina mgongoni, nikamtafuta Scholastica, mchuuzi anayeleta vitunguu kutoka Lumuma. Nikamwuliza kama anamjua mzee anaitwa Ditram.

"Ditram yupi? Wa mashine ya kusaga au wa kwaya?"

"Aliyekuwa fundi wa simu."

"Ahaa! Huyo mwenye waya mrefu juu ya bati! Anashika mtandao kama mtu anayevua samaki. Yupo, mbona mzima, juzi kanipunja gunia."

Si maiti, basi. Nikamwomba ampelekee ujumbe: Light wa Kijiweni anakuamkia, shikamoo, na anauliza kama amekukosea.

"Shikamoo ya kupakiwa kwenye lori la vitunguu," akasema Scholastica, "itafika inanuka."

"Ifike tu, dada."

Kwenye orodha ya mama mkwe nimefuta kifo. Bado hasira na masikio.


Ijumaa, 11 Aprili. Mikumi

Mto Mkondoa umetapika. Maji yalianza kuingia uani alfajiri ya jana, rangi ya chai ya maziwa, yakibeba ndala za watu na kuku mmoja aliyekaa juu ya beseni kama abiria. Kwetu yalifika kizingitini. Nilimfunga Paulina mgongoni, nikashika mfuko wa nguo na simu ndani ya nailoni mbili. Mama mkwe alishika tetea wake na hakukubali kumwachia mtu yeyote. Tulivuka kwa kushikana mikono na majirani, mwenye duka akiniambia, "Pita mheshimiwa, pita," maji yakiwa mapajani. Nyumba za kina Samson, nyuma yetu, ukuta mmoja umelala. Watu wote wako hai. Nashukuru, naandika tena: wote wako hai.

Tumekuja Mikumi kwa Jilala. Yeye anaziba matairi ya malori hapa barabara kuu, ana chumba kimoja nyuma ya kibanda. Sasa tuko wanne na kuku. Jilala katukumbatia kwa mikono yenye grisi, nguo yangu ya pekee kavu imepata vidole kumi. Siifui.

Mtandao wa huku uko vizuri. Nimemwamkia Mzee Kitunguu nikiwa nimekaa juu ya tairi la lori.

Hajaitika.


Jumatatu, 14 Aprili

Nyani kaiba ndizi ya Paulina mkononi. Paulina kamwamkia kwanza. Kajifunza "shikamoo" kwa bibi yake, anasema "kamoo", na nyani naye hakuitika.


Alhamisi, 17 Aprili

Scholastica kanipigia! Kelele za soko nyuma yake.

"We mama, nimemfikia mtu wako. Amekasirika huyo, amekasirika haswa."

"Kasemaje?"

"Kasema hivi, nami namnukuu maana kanirudisha mara mbili nisikosee: 'Mwambie Light mimi naitika kila siku. Kila shikamoo yake nimeitika, na za watoto wote. Wao ndio wamenisusa, hata asante hawasemi. Lakini sitaacha kuitika. Nisipoitika mimi, dhambi ni yangu. Wasiponijibu, ni yao.' Halafu akanipunja tena."

Anaitika kila siku. Wapi? Mimi naangalia kila siku!

Hasira anayo, masikio anayo. Mama mkwe kafikiri, kasema, "Basi kiziwi ni wewe."


Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Niandike polepole nisiruke kitu.

Tumetoka kanisani, mama mkwe anapika pilau jiko la mkaa, Jilala kapata lori la tairi pacha hata sikukuu. Paulina anazunguka na kamoo yake. Kamwamkia dereva, dereva kaitika. Kaamkia tairi. Kamwamkia baba yake, baba yake kaitika, akamwamkia tena, na tena, akiruka ruka kila akijibiwa.

"Kamoo!"

"Marahaba."

"Kamoo!"

"Marahaba."

"Kamoo!"

"Marahaba, marahaba, marahaba! Mama Pau, mtoto wako ameganda, mzime umwashe tena!"

Dereva alicheka, mimi nikacheka, halafu kicheko kikanikatikia katikati. Mtu yuleyule. Neno lilelile. Mara nyingi.

Mwanzoni mwa Februari tulivamiwa Kijiweni na matangazo, ya waganga, ya mikopo ya chapuchapu, ya pete za utajiri. Tangazo moja linabandikwa kila ukurasa. Mimi na Thadeo tulikubaliana aweke kichujio, programu ndogo inayomkamata yeyote anayerudia maneno yaleyale sehemu nyingi. Kiliwakamata kweli, tukafurahi.

Na sasa, ni nani Kijiweni anayerudia neno moja lilelile kwenye kila ukurasa, kila siku? Wadogo hawarudii, kila mmoja anaamkia mara moja na kuendelea na swali lake. Mimi ni msimamizi, kichujio hakinigusi. Anayerudia ni mkubwa mwenye adabu. Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Nikachukua simu ya Jilala, nikafungua akaunti mpya, nikaiita Babu wa Majaribio. Babu akapita kwenye maswali ya watu anaitikia salamu zao, marahaba hapa, marahaba pale, na kwa simu yangu namfuatilia. Za mwanzo nikaziona. Alipoendelea, kwenye simu yangu zikatoweka zote, hata zile za kwanza. Kwenye simu ya Jilala zipo! Nikamwandikisha Babu maneno mengine kabisa, "leo ni Pasaka, tumepika pilau." Kwake yapo. Kwangu hayapo. Kinakufungia bila kukwambia, unaendelea kuongea ukidhani unasikika.

Nilipiga kelele mpaka kuku wa mama mkwe akapanda juu ya kibanda.

Mzee wangu miezi miwili anaongea ndani ya chupa. Amemjibu Winnie, naapa amemjibu.


Jumanne, 22 Aprili

Nimemweleza Thadeo yote, na picha za simu mbili nimemtumia. Jibu: "Light, usitafute mchawi. Waliofungiwa ni matapeli." Nikamwambia afungue pale kichujio kinapotupa vitu aangalie, kwa sababu anaweza yeye tu. "Humo ni taka tupu. Nani anakagua pipa la taka? Niko kazini." Kisha akaongeza kwamba wiki ijayo anakwenda Iringa, basi lao husimama Mikumi abiria wale, tutaongea hapo kuhusu kufunga vizuri.

Kufunga vizuri. Mlango naujua unavyofungwa vizuri, unamwacha mtu nje.


Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Sijalala mchana wala sijakaa. Mama mkwe kauliza, "Huyo Thadeo ni mkubwa kwako?" Ndiyo, mama. "Basi mwamkie. Halafu mkatalie."


Jumanne, 29 Aprili

Basi limesimama saa sita na nusu. Thadeo nilimjua kwa miwani. Mfupi kuliko sauti yake, amechoka, begi la laptopu kifuani kama mama mwenye mtoto. Nikaona huruma, sikutegemea.

"Shikamoo kaka Thadeo."

"Marahaba. Light? We mdogo hivi?" Macho yakarudi kwenye simu. "Nina dakika chache. Sikia, sikuchukii. Nimekesha na ile seva miaka miwili, hakuna anayejua. Kila mkinijazia salamu, mimi ndiye naona mzigo. Nataka mahali penye kazi."

"Hata mimi nataka kazi. Fungua pipa."

"Light..."

Paulina akamshika suruali. "Kamoo!"

Thadeo hakusikia, anatazama simu.

"Kamoo!"

"Kaka, umeamkiwa," nikasema.

"Aa, marahaba, mrembo."

"Kamoo!"

"Marahaba."

"Kamoo!"

"Marahaba!" Sasa anacheka, amechuchumaa. "Marahaba. Huyu hachoki? Marahaba!"

"Inatosha," nikamwambia. "Hapo kichujio chako kimeshakufungia."

Akaniangalia. Kicheko kikabaki mdomoni hakina kazi.

"Ongea sasa," nikasema. "Ongea chochote. Sema umesomea, sema umekesha, jibu maswali ya watu mpaka kesho. Hakuna anayekusikia. Na wewe hujui. Unaona tu watu wamekugeuzia kisogo. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Mzee Kitunguu, mimi na wewe."

Jilala alikuwa amesimama na nyundo ya matairi, mama mkwe na kuku wake. Thadeo akafungua simu yake. Alipapasa, akaandika, akasubiri. Nilimwona akishusha kidole, akishusha, akishusha.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Light, huku kuna watu."

Basi likapiga honi.

"Nipe funguo," nikasema.

"Nikifika Iringa nita..."

"Sasa hivi. Neno la siri, seva, na jina la tovuti uliandike kwangu. Jukwaa lako la Kiingereza nenda nalo, nakuombea heri, atakayekufuata akufuate. Kijiwe sifungi."

"Kikianguka usinipigie."

"Kikianguka nitakiokota."

Honi tena. Abiria mmoja dirishani akasema, "Mpe, kaka, tunachelewa!" Thadeo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu vilevile. Akaandika kwenye simu yangu mwenyewe, herufi kwa herufi. Kisha akapanda. Kwenye ngazi akageuka.

"Pau, kwaheri."

"Kamoo!"

"Marahaba," akasema Thadeo, na safari hii alisema kama mtu anayejua anachosema.


Ijumaa, 2 Mei

Nimeingia ndani ya kichujio. Ni kurasa chache tu, zimeandikwa safi, Thadeo anajua kazi. Lakini mahali pa maneno yanayoruhusiwa kurudiwa kaweka "thanks", "ok", "hello", "welcome". Yametoka kwenye mfano aliounakili wa watu wa nje, na huko kwao marahaba haiko. Kilichotaka kutuua ni hicho tu, wala hakuna aliyetuchukia.

Nimeandika mstari mmoja. Nikakagua mabano, yote yamefungwa. Nikamfungulia Babu wa Majaribio peke yake niujaribu, akaitikia kijiji kizima bila kukamatwa. Kisha nikarudi kwa tangazo la pete ya utajiri, likakamatwa palepale.

Mkali wa Kodi alisema kompyuta haijui shikamoo. Hii yetu sasa inajua, na marahaba yake.

Kabla sijabonyeza kufungulia waliofungiwa kwa ajili ya marahaba, mnara wa mtandao ukazima kwa radi. Nimebaki na kidole hewani.


Jumamosi, 3 Mei

Mnara umerudi saa nne asubuhi. Nikamwita Jilala, nikamwita mama mkwe, Paulina nikampakata. Nikabonyeza.

Waliingia kama maji ya Mkondoa. Mwalimu wa Mbeya, baba wa Mombasa, wakubwa ambao hata nilishawasahau, majibu ya tangu Februari, kila moja likaenda likakaa chini ya swali lake kama watoto wanaorudi madarasani. Marahaba kila mahali. Simu ikapata moto mkononi.

Swali la Winnie, siku ileile aliyouliza, saa moja tu baadaye: "Marahaba mwanangu, karibu sana. Asubuhi na jioni umezipa jina moja. Zipe majina mawili, hata mapacha huitwa tofauti. Hongera kwa kazi." Alikuwa amekaribishwa. Alitoka bila kujua.

Nimemtumia Winnie barua pepe. Na pale Hodi nimeandika kwa wote kilichotokea, bila kumtaja mtu kwa ubaya, nikaomba radhi kwa niaba ya Kijiwe.


Alhamisi, 8 Mei

Tumerudi Mabwerebwere. Ukuta una mstari wa tope usawa wa goti langu. Mama mkwe kasema tusiusugue kwanza, watu waone tulikofika. Mwenye duka kauliza kama mheshimiwa atasamehe kodi kwa waliopata mafuriko. Nikasema nimesamehe.

Winnie amerudi. Kina mama wa maziwa wanapata jumla zao. Kaniwekea picha ya kichanga chake, amelala na mdomo wazi.


Jumamosi, 10 Mei

Leo ndiyo siku Kijiwe kilikuwa kifungwe.

Vijana kadhaa wamemfuata Thadeo, na Mkali wa Kodi yumo. Nimewaaga kwa jina, mmoja mmoja. Thadeo mwenyewe kapita asubuhi, kaweka maneno mawili tu, "Hamjambo wote," akaenda kumsaidia mtoto wa Dodoma aliyekwama. Seva iko kwangu, naogopa, inapiga chafya kila umeme ukikatika. Nitajifunza. Juu ya mlango wa kuingilia nimeandika sheria moja: Salimia. Uliye mkubwa, itikia, hata mara mia.

Kisha nikafanya nililokuwa naliogopa wiki nzima. Nilikwenda Hodi, nikarudi nyuma mpaka Februari, nikaanza kusoma shikamoo zangu.

Chini ya kila moja ipo. Marahaba, Light. Marahaba, mwanangu. Marahaba, huku mvua, huko je? Marahaba, hunijibu siku hizi. Marahaba, kama nimekukosea niambie. Siku zile za mafuriko, nilipomwamkia nikiwa nimekaa juu ya tairi, yeye kaandika: Marahaba, redio inasema Kilosa kuna maji, mtoto yuko salama? Hakukosa hata siku moja. Na kila siku iliyofuata mimi nilimwamkia tena bila kujibu alichoniuliza.

Nimeanzia juu kabisa. Paulina kalala mapajani, nje kunadondoka tu. Namjibu moja moja.

Huku mvua pia, mzee.

Hujanikosea.

Mtoto yuko salama.